Uzinduzi wa Ngazi Isiyokuwapo

Baada ya vikao kumi na kimoja na chai nyingi, Kamati ya Utaratibu wa Kuumia ilitangaza kwa furaha kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, majeraha makubwa yote yamesitishwa mpaka ugonjwa wa homa utakapokwisha. Kamati ilieleza kwamba taifa haliwezi kupigana na maadui wawili kwa wakati mmoja, na homa ndiyo iliyotangulia kufika. Wenye nia ya kuvunjika waliombwa wawe na subira.

Tangazo hilo lilisomwa na Mwenyekiti wa Kamati mwenyewe, juu ya baraza la jengo la majeruhi, kwa kipaza sauti ambacho kwa kweli hakukihitaji. Chini ya ngazi walisimama wafanyakazi wa hospitali, kila mmoja hatua mbili kutoka kwa mwenzake, kama miche iliyopandwa kwa kamba. Mstari wa nyuma kabisa alikuwapo mtu mwembamba, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Huyo ndiye Bwana Plasta.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwafunga watu plasta katika Chumba Namba Tisa. Hakupita chuo chochote. Aliingia hospitalini kama mfagizi, akaitazama mikono ya mtangulizi wake kwa miaka minne, akanunua kitabu cha mifupa kilichokwisha kutumika, akakisoma mpaka jalada likaagana na kurasa. Alikuwa na mazoea mawili yaliyowachosha wenzake. Alipima kila kitu mara mbili, na alisoma kila karatasi mpaka chini kabisa, hata pale penye jina la mpiga chapa.

"Umeelewa?" Karani wa geti alimnong'oneza.

"Bado. Nitausoma huo waraka."

"Usome nini tena? Kuumia marufuku. Habari imeisha."

Utaratibu wenyewe, ukiutazama kwa utulivu, ulikuwa umepangwa vizuri. Watu walikuwa wamekatazwa kutoka nje, kwa hiyo aliyeumia nje alitakiwa kuonyesha kibali cha kuwapo mahali alipoumia. Kibali kiliombwa kwa Kamati siku saba kabla ya kuumia. Aliyeumia ndani ya nyumba yake hakuhitaji kibali, kwa sababu mtu wa namna hiyo hakuwezekana. Mabango mji mzima yalisema NYUMBANI NI SALAMA, na Kamati haikuwa tayari kuona bango la serikali likibishiwa na goti la mtu.

Chumba Namba Tisa kikajazwa maboksi ya mabango hayohayo. Bwana Plasta akapewa kipimajoto chenye umbo la bastola na kiti getini, akawa anawalenga watu kwenye paji la uso. Karani alikaa naye meza moja, yeye akiuliza maswali.

"Uliumia wapi, mama?" Karani alimuuliza mshonaji mmoja aliyekuja ameushika mkono kama anabeba yai.

"Nyumbani, baba. Nimeteleza bafuni."

"Nyumbani ni salama."

"Mimi nimeteleza."

"Mama, soma bango." Alimwonyesha kwa kalamu. "Unataka niandike kwamba bango linasema uongo?"

Mshonaji alilisoma bango, akautazama mkono wake, akalisoma tena.

Baada yake akaja dereva wa pikipiki, anaruka kwa mguu mmoja.

"Lori limenigonga, bosi."

"Kibali?"

"Ningejuaje wiki nzima kabla kwamba lori litanigonga?"

"Ndiyo maana tunahimiza wananchi wajipange," alisema Karani, na alisema bila ubaya wowote. Yeye pia alikuwa na watoto, na ajira yake ilikuwa ya mkataba.

Bwana Plasta aliwalenga wote wawili. "Thelathini na sita na nusu," alisema kwa sauti ya chini. "Hawana homa." Wakaenda zao wakiwa na joto zuri kabisa la mwili.

Wiki ya kwanza ilipokwisha, taarifa ya majeruhi ilionyesha sifuri. Mwenyekiti alitokea gazetini akiwa ameshika karatasi yenye sifuri hiyo, kubwa kama sahani.

Jumatano ya wiki ya pili, Bwana Plasta aliona mkokoteni unakuja, na nyuma ya mkokoteni aliona kitenge anachokifahamu. Ni mdogo wake wa kike, anasukuma, jasho linamtiririka mpaka kwenye barakoa. Juu ya mkokoteni amelala mumewe, fundi paa, mtu wa maneno mengi ambaye siku hiyo alikuwa na machache. Mguu wake wa kulia ulikuwa na kona mahali ambapo Mungu hakuweka kona.

"Kaka," alisema mdogo wake, "usinipime homa. Mtazame shemeji yako."

"Uliumia wapi?" aliuliza Karani, kalamu tayari.

"Nimeanguka kwenye paa la ofisi ya Kamati," alisema Shemeji kwa meno yaliyokazwa. "Wenyewe ndio walionipigia simu. Linavuja juu ya meza ya Mwenyekiti."

Karani alipekua makaratasi yake. "Ofisi ya Kamati imefungwa kwa sababu ya homa. Hakuna mtu anayeweza kuwa ndani."

"Sikuwa ndani. Nilikuwa juu."

"Hakuna anayeweza kuwa juu ya mahali ambapo hakuna anayeweza kuwa ndani."

"Basi nimeanguka kutoka hewani, ndugu yangu. Andika malaika."

Bwana Plasta hakucheka. Alikuwa ameshainama, anaugusa mguu kwa vidole viwili. Mfupa wa muundi, chini ya goti, ulikuwa umekatika, ngozi bado nzima. Ukivutwa na kufungwa leo, utaunga. Ukiachwa wiki, utaunga kombo, na fundi paa mwenye mguu wa kombo hapandi tena ngazi. Shemeji alilijua hilo bila kuambiwa, ndiyo maana hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anamtazama tu Bwana Plasta usoni, kama mtu anayesubiri kusomewa matokeo.

"Ngojeni," alisema Bwana Plasta.

Akauchukua mezani Waraka Namba 14, ule wa marufuku, akavaa miwani, akaanza kuusoma kuanzia mwanzo. Kurasa kumi na nne. Mdogo wake alikuwa karibu kulia. "Kaka, sasa unasoma?" Akaendelea. Kwenye ukurasa wa kumi na tatu, chini kabisa, kulikuwa na Kifungu cha Tisa (c): *Isipokuwa mfadhili atakayeumia ndani ya eneo la hospitali wakati akikabidhi msaada, ambaye atahudumiwa mara moja na kikamilifu, ili kulinda jina la taasisi.*

Alikisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Una nini kwenye mfuko huo?" alimuuliza mdogo wake.

"Kanga, chupa ya maji na kipande cha sabuni. Nilidhani atalazwa."

Bwana Plasta alimgeukia Karani. "Mwenzangu, huyu bwana amekuja kuifadhili hospitali. Ameleta sabuni."

Karani aliitazama sabuni. Ilikuwa ya kufulia, tena nusu. Kisha akautazama ule mguu, kwa mara ya kwanza kama mguu. Akasimama wima.

"Wafadhili hawazuiwi," alisema, akafungua geti mabawa yote mawili. "Karibu, mheshimiwa."

Mkokoteni ukaingia mpaka mbele ya jengo la majeruhi. Pale mpiga picha wa hospitali, ambaye kazi yake siku zile ilikuwa ni wafadhili tu, akamwambia Shemeji ainue sabuni kidogo na atabasamu. Shemeji akatoa meno. Kisha mkewe na Bwana Plasta wakamteremsha taratibu, wakamkalisha kwenye kidato cha chini cha ngazi.

"Sasa umeanguka," alisema Bwana Plasta.

"Kweli? Mbona sikusikia?"

"Piga kelele kidogo, shemeji. Kwa ajili ya kumbukumbu."

Shemeji alikuwa amezihifadhi kelele zake tangu asubuhi. Alizitoa zote. Daktari wa zamu alitoka mbio katika hema la homa, alikokuwa amepangiwa kuwafundisha watu kunawa mikono. Alikuwa daktari wa mifupa, na wiki nzima hakuwa ameona mfupa. Alipousikia ule ukelele, macho yake yalipata uhai juu ya barakoa.

Wakambeba mpaka Chumba Namba Tisa, wakasogeza maboksi ya mabango, wakapata meza. Daktari akamchoma Shemeji sindano ya ganzi, wakasubiri ishike, akauvuta mguu mpaka kona ikapotea. Kisha ikawa zamu ya Bwana Plasta. Pamba kwanza, sawasawa, isiwe na kikunjo. Bendeji kwenye maji, mpaka mapovu yakome. Akazungusha kwa viganja, si kwa vidole, kwa sababu kidole huacha kishimo na kishimo huacha kidonda. Plasta ikaanza kupata joto chini ya mikono yake, joto ambalo hakuwa amelisikia tangu Jumatatu marufuku ilipoanza, na akagundua kwamba alikuwa akilitamani kama mtu anavyotamani nyumbani kwao.

Katika daftari aliandika: *Mfadhili. Ameanguka ngazini.*

Habari njema haijui barakoa. Siku ya pili mshonaji alirudi na sabuni ya kuogea. Dereva wa pikipiki alileta sabuni ya maji kwenye chupa ya soda. Akaja seremala ambaye msumeno ulimpitia kidole akiwa ngazini. Akaja mzee aliyeng'atwa na mbwa ngazini, na mpishi aliyemwagikiwa mafuta ya moto ngazini, na dereva na utingo wake waliogongana na gari dogo, pia ngazini. Karani alifungua geti, mpiga picha alipiga picha, Daktari alivuta, Bwana Plasta alifunga. Ghala la sabuni likajaa mpaka mlango ukawa haufungiki.

Katika wiki tatu, watu sitini na watatu waliumia kwenye ngazi ile yenye vidato vitano. Katika sehemu nyingine zote za mji hakuumia mtu hata mmoja.

Takwimu hizo zilipofika, Kamati ilikutana kwa dharura.

"Ndugu wajumbe," alisema Mwenyekiti, "tumeushinda mji mzima. Adui amebaki mmoja. Amejificha mbele ya jengo letu wenyewe."

Bwana Plasta aliitwa kutoa maelezo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba mtu amegongwa na lori kwenye ngazi?"

"Niliandika alivyosema, Mheshimiwa."

"Na lori lilikuwa linapanda au linashuka?"

Bwana Plasta alifikiri. Hakupenda kusema jambo asilolijua. "Hakusema, Mheshimiwa."

"Kushuka," alisema mjumbe mmoja kwa uhakika. "Kupanda lisingekuwa na kasi hiyo."

Mhandisi aliyeipima ngazi alieleza kwamba ni ngazi ya kawaida, haina ufa, haitelezi. Maelezo yake yaliwatisha wajumbe zaidi. Ngazi iliyoweza kuonekana ya kawaida baada ya kufanya yote hayo ilikuwa na hila kuliko walivyodhani. Ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba ivunjwe na kuondolewa, na kuondolewa kwake kuzinduliwe rasmi. Machela zingetumia njia ya mbao ya pembeni. Na kwa kuwa baada ya hapo hapangekuwa na mahali popote pa kuumia, jengo la majeruhi lingefungwa siku hiyohiyo, na Chumba Namba Tisa kingekuwa ofisi ya Mwenyekiti. Ofisi yake ya sasa ilikuwa bado inavuja. Fundi paa aliyeitwa kuitengeneza hakujulikana alipo.

Siku ya uzinduzi ilikuwa Ijumaa. Asubuhi, kabla wageni hawajafika, mkokoteni ulitokea tena getini.

"Kaka, juzi alijaribu kuukanyagia, mguu ukavimba. Tangu jana usiku anasema vidole vinamchoma. Sasa anasema havisikii kabisa."

Bwana Plasta aliviangalia vidole vya mguu vilivyochungulia kwenye plasta. Vilikuwa vimevimba na kupata rangi ya zambarau. Akavifinya kwenye kucha, kimoja baada ya kingine. Damu haikurudi upesi. Plasta ilikuwa imegeuka kabari inayoukaba mguu. Ilitakiwa kupasuliwa, si kesho, sasa hivi, na msumeno wa plasta ulikuwa Chumba Namba Tisa, na Chumba Namba Tisa kilikuwa kimefungwa tangu saa moja kwa amri ya Kamati. Ufunguo alikuwa ameukabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Ulikuwa kwenye mfuko wa koti la Mwenyekiti.

"Wafadhili leo?" alimuuliza Karani.

"Wanapita mpaka sherehe iishe," Karani alijibu bila kumtazama. "Ana sabuni?"

Shemeji aliinua kipande cha sabuni juu ya mkokoteni. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Hii si nusu, nzima kabisa," alisema. "Nimepanda cheo."

Walipofika mbele ya jengo, Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuanza kuhutubia. Alisimama juu ya baraza, amevaa barakoa mbili na juu yake ngao ya plastiki ya uso, ambayo pumzi yake iliijaza ukungu kila alipotamka neno lenye uzito. Mbele yake, kwenye ukingo wa baraza, ulikuwa umefungwa utepe mwekundu. Mbele ya utepe hapakuwa na kitu. Chini, kimo cha kiuno cha mtu, palikuwa na zege lililosafishwa vizuri na kibao cha shaba: HAPA HAPANA NGAZI.

Bwana Plasta alipanda kwa njia ya mbao, akapita nyuma ya wajumbe, akamsogelea. Katika maisha yake hakuwahi kumkatiza mtu anayehutubia.

"Mheshimiwa, samahani. Naomba ufunguo wa namba tisa. Kuna mgonjwa atakatwa mguu."

"Wagonjwa hao hawapo tena," alisema Mwenyekiti ndani ya ukungu, akachukua mkasi kwenye mto. "Baada ya utepe nitashuka kuwasalimu wananchi."

"Mheshimiwa, ngazi..."

"Bwana, hakuna ngazi!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndicho ninachojaribu kukwambia."

Mwenyekiti akakata utepe. Makofi yakapigwa. Akatoa tabasamu ambalo hakuna aliyeliona, akanyoosha mguu kushuka, kama alivyoshuka pale kwa miaka tisa.

Alianguka kwa heshima zote, mkono wa kulia ukitangulia. Mpiga picha, kwa mazoea, alipiga.

Bwana Plasta ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika chini. Hakuwa mtu wa kumkomoa mwenzake. Alipapasa kiwiko, kifundo, vidole. Mkono ulikuwa umevunjika juu ya kifundo, lakini vidole vilikuwa na rangi na vilicheza. Akahitaji kitu kigumu cha kuushikilia. Akauchukua Waraka Namba 14 mikononi mwa Karani, akaukunja mara mbili, akaufunga chini ya mkono kwa kipande cha utepe. Kurasa kumi na nne zilitosha kabisa. Huo ulikuwa ndio waraka wa kwanza wa Kamati kumsaidia majeruhi.

"Nipelekeni ndani!" alinguruma Mwenyekiti.

Wajumbe walimtazama Karani. Karani alikuwa amekwisha kufungua daftari.

"Mheshimiwa, samahani sana... Uliumia wapi?"

"Huoni?"

"Naona, Mheshimiwa. Ila hapa hapana ngazi." Alionyesha kibao. "Na ndani ya eneo la hospitali tunamhudumia mfadhili tu, Kifungu cha Tisa. Mheshimiwa umeleta msaada gani?"

Mwenyekiti alipekua mfuko kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na ufunguo wa chumba cha watu, na hotuba.

"Mimi nina sabuni," alisema Shemeji kutoka kwenye mkokoteni. "Ila ni moja, na vidole vyangu ndivyo vimekufa. Mheshimiwa atanisamehe."

"Sabuni moja, mfadhili mmoja," alithibitisha Karani, karibu kulia kwa hofu.

"Basi futa!" alipiga kelele Mwenyekiti. "Futa waraka wote!"

"Kwa maandishi, Mheshimiwa."

"Mkono wangu umevunjika!"

Bwana Plasta alileta kidau cha wino kutoka meza ya geti. Waraka ulikuwa palepale, umefungwa chini ya mkono wa mwenyewe, ukurasa wa kwanza ukiangalia nje. Karani akaandika UMEFUTWA LEO. Mwenyekiti akabonyeza dole gumba la kushoto, akatoa ufunguo.

Shemeji akaingia wa kwanza. Msumeno ulinguruma, plasta ikapasuka kwa urefu, na Bwana Plasta akakaa ameinama juu ya vile vidole vitano, mdogo wake amemshika bega. Cha mwisho kupata wekundu kilikuwa kile kidogo.

"Kinawasha," alisema Shemeji.

"Kiache kiwashe," alisema Bwana Plasta, akavihesabu vyote mara mbili.

Getini waliokuwa wamezuiwa asubuhi waliingia bila sabuni, wakapangwa kwa ukubwa wa majeraha yao. Mwenyekiti akawa wa nne. Alisubiri kwenye benchi, kati ya mwashi na mama aliyebeba mtoto mwenye jeraha la kichwa, na kwa kuwa ngao ilikuwa imepasuka, kila mtu aliweza kumwona.

Zamu yake ilipofika, Bwana Plasta alinawa, akapasha maji, akafungua daftari jipya. Alipenda kumbukumbu zikae sawa.

"Uliumia wapi, Mheshimiwa?"

Mwenyekiti aliangalia dari. Aliangalia maboksi ya mabango. Chumba kizima kilikuwa kinasubiri.

"Andika... ngazini," alisema kwa sauti ndogo.

Bwana Plasta akaandika, akasoma alichokiandika, akakisoma tena.

"Pole sana, Mheshimiwa," alisema Shemeji kutoka kitanda cha jirani. "Hiyo ngazi ni mbaya. Mimi ilinitupa nikiwa juu ya paa lako."